Meneja Masoko: Jina na Kazi Yake

Jina la ‘Meneja Masoko’ limekwisha kuzoeleka katika matangazo ya kazi na katika vibao vya milango ya ofisi, wala hatuandiki makala haya kwa nia ya kuling'oa. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na wasemaji haifutwi kwa amri. Hata hivyo, hapana budi tuseme kwamba istilahi hii yaficha mengi kuliko yaelezayo, na kwamba upungufu huo una watu unaowaumiza.

Si zamani sana zililetwa kwetu, zipate kufasiriwa, hati mbili za mwajiri mmoja ambaye hatutamtaja. Ya kwanza ni tangazo la Kiswahili la nafasi ya Meneja Masoko, lenye majukumu matatu: kutafuta wateja, kuuza bidhaa za kampuni, na ‘kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake’. Ya pili ni maelezo ya kazi hiyo hiyo kwa Kiingereza, kurasa nne, yanayomtaka mwenye cheo achunguze mahitaji ya wanunuzi, ashauri juu ya bei, na aseme ni bidhaa gani itengenezwe na ipi iachwe. Aliyeajiriwa alikuwa muuzaji hodari. Alilisoma tangazo, akalielewa, akauza. Kipindi cha majaribio kilipokwisha aliambiwa kuwa hakuifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na shauri likafika mahali ambapo kila upande ulitaka hati yake ifasiriwe.

Wasomaji wetu walio maofisa utumishi wanafahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2021 yakifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maandishi ya Kiswahili hayawezi kuhesabiwa kuwa pambo la kuwekwa kando ya yale ya Kiingereza.

Chanzo cha taabu ni neno ‘soko’. Neno hili, tulilolipata kutoka Kiarabu, kwanza ni mahali. Anayesimamia vizimba, ushuru na usafi wa mahali hapo ni meneja wa soko. Na Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, lina masoko ya kusimamiwa kwa maana hiyo hasa. Katika vyama vya ushirika vya mazao na masoko, neno lilelile lina maana ya kukusanya mazao ya wanachama, kuyapima na kuyauza. Kisha kuna soko la hisa na soko la ajira, ambapo mahali pamekwisha kusahauliwa na kilichobaki ni kukutana kwa mwenye kutaka na mwenye kutoa. Yaelekea wasemaji wenyewe wameihisi hatari ya kuchanganya, kwa kuwa wamekiacha kiungo: ‘Meneja wa Masoko’ aweza kudhaniwa kuwa mtu wa vizimba, lakini ‘Meneja Masoko’ ni cheo, kama Ofisa Elimu au Ofisa Kilimo. Werevu huo tunausifu, ingawa sarufi za shuleni zitanuna.

Lakini kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 1960 Mmarekani E. Jerome McCarthy aliigawa katika mambo manne: bidhaa, bei, njia ya kuifikisha kwa mnunuzi, na namna ya kuivumisha. Mwaka huohuo Theodore Levitt alieleza kwamba uuzaji huanzia katika haja ya mwenye mali, hali kazi hii nyingine huanzia katika haja ya mnunuzi. Tuchukue sabuni ya kufulia. Muuzaji amepewa miche mia moja. Sifa yake ni kuimaliza. Meneja Masoko husimama dukani na kuona kwamba wanunuzi wengi hawachukui mche mzima, bali humwomba mwenye duka awakatie kipande, kwa sababu fedha yao hupatikana siku kwa siku. Hurudi kiwandani akasema: tengenezeni kipande kidogo, chenye jina letu, kwa bei hii. Siku hiyo hakuuza hata mche mmoja, na kazi yake ameifanya.

Basi ‘mauzo’ haliwezi kushika nafasi ya ‘masoko’, na tunawasihi wafasiri wasiyabadilishane maneno haya kwa kuepuka kurudia. ‘Utafutaji masoko’ ni nusu ya dhana: humtafutia mnunuzi bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, ambalo ndilo kosa la tangazo tulilolitaja. ‘Utangazaji’ ni robo yake. ‘Unadi’ ulipendekezwa mbele yetu na mwalimu mmoja. Ni neno zuri, lakini linanuka mnada. Tumesikia pia ‘umasoko’, kwa mfano wa ‘udalali’. Sisi hatulichukii, ila halijapata wasemaji, na neno lisilo na wasemaji halimfai mwombaji kazi leo.

Rai yetu ni kuliacha ‘Meneja Masoko’ lilivyo na kumbebesha mwandishi wa tangazo mzigo unaomstahili. Aandike wazi kama mtu huyu ana sauti juu ya bei au hana. Kama atauza yeye mwenyewe au wapo wauzaji chini yake. Kama ataulizwa kabla ya bidhaa kutengenezwa au ataletewa ghala lililojaa. Ikiwa hana sauti katika lolote kati ya hayo, aitwe Ofisa Mauzo na alipwe kwa cheo hicho. Waajiri wengine, tunashuku, hupenda jina kubwa kwa kazi ndogo kwa sababu jina halitozwi kodi.

Hati zile mbili tulizirudisha, kila moja imefasiriwa kama ilivyo, na pambizoni tumeonyesha mahali zinapopingana. Baadaye nafasi hiyo ilitangazwa upya. Jukumu la kwanza bado lilikuwa kutafuta wateja.