Zimwi, jitu au kiumbe? Frankenstein wa katuni na lugha ya Eastlands

Litaje jina Frankenstein mbele ya vijana wa Buruburu au Umoja, na wengi watakuchorea papo hapo jitu lenye paji bapa, mishono usoni na vyuma viwili shingoni. Picha hiyo ina makosa mawili. Kwanza, Frankenstein si jina la jitu, bali la mwanafunzi wa sayansi aliyeliunda. Pili, vyuma vile havimo katika riwaya ya Mary Shelley iliyochapishwa London mwaka 1818. Vilitoka Hollywood mwaka 1931, Boris Karloff alipopambwa kwa ajili ya filamu ya kampuni ya Universal.

Msomaji mpendwa, sikukusudia kuigeuza safu hii kuwa ya sinema. Mimi ni mtu wa lugha, na kisa hiki, ukikitazama vizuri, ni kisa cha lugha. Ndani yake mna maswali mawili: nani huitwa zimwi, na je, huyo anayeitwa hivyo hupewa nafasi ya kusema? Nitayajibu kwa kupitia katuni, kisha nije nyumbani, mitaa ya Eastlands, ambako maswali haya si mchezo.

Tuanze na riwaya. Aliyeundwa na Victor Frankenstein hana jina, lakini ana ulimi. Anajificha kando ya nyumba ya familia maskini na kuchungulia kupitia ufa wa ukuta. Humo ndani msichana mgeni, Safie, anafundishwa Kifaransa. Huyu wa nje naye anajifunza papo hapo, neno kwa neno, bila daftari wala mwalimu. Baadaye anaokota vitabu, mojawapo kikiwa cha Milton, na kuvisoma. Anapokutana na muumba wake katika milima ya Alps hangurumi. Anajenga hoja. Anamdai yule bwana majukumu yake: uliniunda, mbona ukanitupa?

Filamu ya 1931 ilimnyang'anya ulimi huo. Karloff anaguna na kunyoosha mikono. Hata katika orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, mahali pa jina la aliyeigiza jitu paliwekwa alama ya kuuliza. Mwili ukabaki, hoja ikapotea. Na ulimwengu ukazidi kumwita muundwa kwa jina la mwundaji. Asiyeweza kujieleza huitwa jina lolote lile.

Katuni zingeweza kumtendea haki zaidi. Silaha kuu ya katuni ni kile kiputo cha maneno kinachoning'inia juu ya kichwa cha mhusika. Ukimchorea mtu kiputo, umekubali kwamba ana la kusema. Mwaka 1940 Mmarekani Dick Briefer alimleta jitu huyu New York katika jarida la Prize Comics. Kufikia 1945 alikuwa amemgeuza kichekesho, pua imepanda juu ya macho, anaishi na majirani kwa amani. Mwaka 1952 akamrudisha kwenye vitisho. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni Marekani walijiwekea kanuni zilizopiga marufuku wafu watembeao, wanyonya damu na watu wageukao mbwamwitu. Kanuni hizo zilipolegezwa 1971, masimba wa zamani wakarudi, na 1973 kampuni ya Marvel ikatoa mfululizo wake kuhusu jitu la Frankenstein. Humo alianza kwa kuzungumza kama katika riwaya. Kisha akapambana na Dracula, akaumizwa koo, akapoteza sauti! Hata pale palipokuwa na viputo tele, waandishi walimrudisha kwenye kuguna.

Katuni iliyonigusa zaidi ni ya karibuni. Mwaka 2017 mwandishi Mmarekani Mweusi Victor LaValle, akishirikiana na mchoraji Dietrich Smith, alitoa *Destroyer*. Jitu la kale bado li hai, limejificha kwenye barafu ya kusini. Lakini moyo wa kisa ni mama, mwanasayansi Mweusi aliye wa mwisho katika ukoo wa Frankenstein. Mwanawe wa miaka 12 ameuawa na polisi. Mama anatumia ujuzi wake kumrudishia mtoto uhai. Ona mageuzi hayo. Kwa Shelley, mwundaji anaunda kwa kiburi cha ujana, kisha anamkimbia aliyemwunda. Kwa LaValle, mama anaunda kwa uchungu na hakimbii. Na mtoto yule, aliyefufuliwa kwa mashine, ana kiputo chake. Anaongea kama mtoto yeyote. Swali la nani zimwi linamwacha yeye na kuelekezwa kwa waliofyatua risasi. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba vurumai za sura za mwisho zinammeza mama kabla hatujamsikiliza vya kutosha.

Haya, sasa tushuke Eastlands.

Wazee wa Pumwani hawakuhitaji Dracula. Walikuwa na mumiani. Neno lenyewe lina safari ndefu. Lilikuja kwetu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na asili yake ni Kiajemi, mzizi uleule uliowapa Wazungu neno lao la maiti zilizokaushwa za Misri. Lilianza kama jina la dawa, kitu cheusi kama gundi kilichosemekana kutokana na miili ya watu. Baadaye likamwangukia mtu anayedaiwa kuwanyonya wengine damu ili dawa ipatikane. Kama ilivyotokea kwa Frankenstein, jina lilihama. Pale lilitoka kwa mwundaji likaenda kwa muundwa, na hapa likatoka kwa kitu likaenda kwa mtendaji.

Nairobi ya wakoloni ilikuwa na jina jingine: wazimamoto. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji wakazi wakongwe wa Pumwani, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 jinsi watu walivyoamini kwamba watu wa zimamoto walikuwa wakiwakamata raia usiku na kuwatoa damu. Si hoja yangu kwamba jambo hilo lilitokea. Hoja yangu ni ya kifasihi. Dracula wa Bram Stoker, aliyezaliwa kitabuni mwaka 1897, ni mwinyi wa kigeni aishiye katika kasri. Mumiani wa Pumwani alivaa sare, alikuwa na gari, na alilipwa mshahara na serikali. Katika simulizi za Eastlands, tangu mwanzo, zimwi halikuwa mnyonge wa mtaani. Lilikuwa mwenye mamlaka.

Leo mambo yamegeuzwa juu chini. Siku hizi neno la kutisha hubandikwa kijana wa Mathare, Kayole au Dandora. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani. Kichwa chake kilikuwa swali: nani anayefuata? Nasi wa magazeti, tuseme ukweli, tuna msamiati wetu wa kuyameza mauaji hayo: "jambazi sugu", "genge hatari", "wamiminiwa risasi". Mtu anaitwa jambazi kabla hakimu hajamwona. Akishazikwa, neno "mshukiwa" linamsaidia nini?

Na sauti yake? Hapo ndipo Sheng inapoingia, lugha iliyolelewa katika mitaa hiyohiyo ya Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Jericho. Kwa miaka mingi baadhi ya wenzangu wameiita zimwi litakalokimeza Kiswahili. Wanaiona kama lile jitu la maabara: mkono wa huyu, mguu wa yule, viraka vitupu. Tuichunguze sentensi moja: "Buda ameingia keja." *Buda* ina asili ya Kihindi, na *keja* inasemekana kutokana na neno la Kiingereza la kizimba. Lakini ni nini kinachoishikilia sentensi? Ni ule *a-* wa nafsi na ule *-me-* wa hali timilifu, na mpangilio wa maneno ambao bibi yako wa Lamu angeutambua. Ngozi ni ya mchanganyiko, mifupa ni ya Kiswahili. Maiti iliyoshonwa haina mifupa inayokua. Sheng inakua kila wiki.

Februari 2010 katuni *Shujaaz* ilianza kusambazwa bure nchini, ikaandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, na anaendesha redio kwa siri chumbani mwake. Wasikilizaji wanaijua sauti yake, hawaijui sura. Linganisha na Karloff. Yule alikuwa mwili usio na sauti, na Boyie ni sauti isiyo na mwili. Kijana ambaye mtaani angetazamwa kwa shaka, mikono mifukoni na kofia usoni, anasikilizwa kwa kuwa hakuna anayemwona. Ndiyo maana nasema *Shujaaz* imefanya jambo ambalo Marvel ilishindwa kulidumisha: imempa anayeogopwa kiputo, tena kwa lugha yake mwenyewe.

Nina lawama pia. *Shujaaz* ni mradi wa mawasiliano ya maendeleo, na Boyie mara nyingi amebeba ujumbe uliopangwa: kilimo, afya, pesa, uongozi bora. Ni mema yote hayo. Lakini jitu la Shelley lilikuwa na kitu ambacho Boyie haruhusiwi mara nyingi kuwa nacho, yaani hasira yenye hoja. Kumpa mtu kiputo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwachia aseme asichoagizwa.

Kwa hiyo mchoraji wa Kariobangi akitaka kesho kumleta kiumbe wa Frankenstein Eastlands, nina ushauri mmoja wa sarufi. Achague jina kwa uangalifu. *Zimwi* lina sifa ya kula watu, ingawa hata wahenga waliliachia nafasi ya ujirani waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. *Jitu* ni ukubwa wa *mtu*. Limebeba dharau, na ni rahisi kulisemea "jitu hili limeuawa", ukaondoka nalo kwenye ngeli ya watu bila kujua. Wanaomchoma mwizi kwa tairi hufanya hivyohivyo kwa ulimi kwanza: mwizi huwa *jizi*, kisha kibiriti hutafutwa.

Lipo neno *kiumbe*. Lina kiambishi *ki-* cha vitu, lakini tunasema "kiumbe huyu amezaliwa", tukampa upatanisho wa wenye uhai. Zaidi ya hayo, limetokana na *kuumba*. Zimwi huibuka tu porini, hakuna anayeulizwa limetoka wapi. Kiumbe ana aliyemwumba, na huyo anaweza kudaiwa. Hilo ndilo dai lililosemwa kule Alps, na ndilo ninalolisikia mama wa Mathare akiliweka mbele ya serikali iliyomjengea mwanawe mtaa usio na kazi, kisha ikamtumia bunduki.

Wahariri nao wanaweza kuanza na hatua ndogo. Habari inayofuata ya kijana aliyepigwa risasi Eastlands ianze kwa jina lake na miaka yake. Neno *jambazi* lisubiri mahakama.