Mtungi Usiotoa Jasho

Magadi ambayo mama anatupia kwenye maharage magumu ili yaive haraka ni ndugu wa damu wa soda ambayo wafinyanzi wanairusha ndani ya tanuri. Kwenye joto la nyuzi 1,250 hivi soda hiyo inageuka mvuke, mvuke unasafiri na ulimi wa moto, unapita katikati ya vyombo, unakutana na silika iliyomo kwenye udongo, na vikishikana vinakuwa kioo. Hakuna mtu aliyepaka kitu. Upande uliotazama moto unang'aa, upande uliojificha nyuma ya jirani unabaki mkavu. Mfinyanzi mwenyewe anakuja kuyaona matokeo tanuri likishapoa, siku anapobomoa mlango wa matofali. Na kama anachoma kwa kuni, majivu nayo yanaruka, yanatua mabegani mwa vyombo na kuyeyuka hapo hapo.

Kwa nini jambo hili liwe kwenye ukurasa wa vitabu? Kwa sababu wafinyanzi wa namna hii wanaandika, na wanaandika sana. Ni watu waliozoea kungoja usiku kucha kando ya moto, wakirekodi joto kila baada ya muda, wakibashiri. Ukisoma vitabu vyao unaona wanahangaika na swali ambalo mwandishi yeyote analijua: nimekifanya mimi, au kimejifanya chenyewe?

Nianze na Gail Nichols, mfinyanzi mzaliwa wa Marekani anayeishi Australia, ambaye kitabu chake Soda, Clay and Fire kilitoka mwaka 2006. Hoja yake inahitaji historia kidogo. Wajerumani walikuwa wakitupa chumvi kwenye matanuri tangu mwishoni mwa zama za kati, na vyombo vyao vyenye ngozi kama ya chungwa vinajulikana hadi leo. Tatizo la chumvi ni klorini yake: moshi unatoka na asidi ya hidrokloriki. Miaka ya 1970, wafinyanzi wa Marekani walioanza kuhofia moshi huo wakatafuta sodiamu isiyo na klorini, wakaangukia kwenye soda. Basi soda ikaingia kwenye ufinyanzi kama mke wa pili, kila siku ikipimwa kwa sifa za mwenzake. Haisambai kama chumvi. Inaacha mabaka. Ina uvivu.

Nichols anachofanya ni kuacha kulinganisha. Badala ya kuilazimisha soda ifanane na chumvi, anauliza soda yenyewe inapenda nini. Anaichanganya na unga wa chokaa na maji mpaka inaganda kama plasta, anaivunja mapande, kisha anayaingiza tanurini. Kutokana na hapo alipata ngozi ya chombo inayofanana na barafu, laini na yenye ukungu, kitu ambacho chumvi haikuwahi kutoa. Mimi hapo nilisimama kidogo, maana ni somo zuri la uhakiki pia. Ni mara ngapi tunasoma riwaya ya Kiswahili kwa kuipima na riwaya ya Kiingereza, halafu tunalalamika kwamba haisambai?

Kama kitabu, lakini, kina uzito wa utafiti wa chuo kikuu, ambako ndiko kazi hiyo ilikotokea. Ni makini, ni mwaminifu, ila msomaji asiye na tanuri atachoka njiani. Uzuri wake uko pale mwandishi anapokubali kwamba hali ya hewa ndani ya tanuri haionekani kwa macho, inasomwa kwa alama tu. Kuna jambo moja kuhusu matanuri ya soda ambalo mshairi angeweza kulifanyia kazi maisha yake yote: mvuke hauchagui. Unashika chombo na unashika ukuta. Kila uchomaji unaongeza utando wa kioo kwenye matofali, na sodiamu inayala taratibu hadi siku moja tanuri linakufa. Na tanuri lililokwisha kula soda haliwezi tena kuchoma chombo kana kwamba halijawahi kuionja.

Sasa twende kwa Michael Cardew, ambaye kwa kalamu anawazidi wote. Mwingereza huyu alizaliwa 1901, akasoma fasihi za kale za Kigiriki na Kilatini Oxford, kisha mwaka 1923 akaenda St Ives kujifunza kwa Bernard Leach. Vita vilipokuja akaajiriwa Achimota, Ghana ya leo, kusimamia kiwanda cha vyombo ambacho kilifungwa 1945. Badala ya kurudi kwao akaenda kijiji cha Vume, kando ya mto Volta, akajenga tanuri la kuni kwa fedha zake na kuhangaika nalo hadi afya ikamwangusha 1948. Baadaye akarudi Afrika Magharibi, safari hii Nigeria, ambako alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja na kukaa hadi 1965. Pioneer Pottery, kitabu chake kikubwa, kilitoka 1969.

Kusema kweli ni kitabu cha ajabu. Ni mwongozo wa jiolojia, kemia na ujenzi wa matanuri, lakini sentensi zake zina pumzi ya mtu aliyesoma Kigiriki na kubeba kuni siku moja. Anamwandikia mfinyanzi aliye mbali na duka lolote, ambaye itabidi atafute jiwe lake mwenyewe, alisage, alichome aone linayeyukaje.

Ila kuna mahali ninagombana naye, na mahali hapo pana jina: Ladi Kwali. Alikuwa tayari fundi anayejulikana, vyungu vyake viko ndani ya nyumba ya Emir wa Abuja, Cardew alipoviona mwaka 1950. Mwaka 1954 aliingia kituoni, mwanamke wa kwanza pale. Aliendelea kujenga mitungi kwa mikono, akikizunguka chombo badala ya kukizungusha, akichora mijusi na nge kwenye udongo mbichi. Kilichobadilika ni moto. Nyumbani kwake mitungi ilichomwa nje, kwa kuni na nyasi, kwa saa chache. Abuja iliwekwa dawa ya kung'arisha na kuchomwa tanurini, kwa joto linaloufunga udongo kabisa.

Kila aliyekulia kijijini anajua mtungi unapoozaje maji. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo una vinyweleo; maji yanapenya polepole, yanatoka nje kama jasho, yanakauka kwa upepo, na kukauka huko ndiko kunakoondoa joto. Ufunge udongo kwa nyuzi 1,250, uuvike kioo juu, na umepata chombo kizuri sana kisichoweza kufanya kazi iliyolipa umbo lake. Mitungi ile ya Kwali ikaenda makumbusho, ikiwemo Victoria and Albert ya London. Ni mizuri, sikatai. Nimeitazama kwenye picha mara nyingi na mijusi ile inatembea kweli kweli chini ya kijani kile cha kioo. Lakini shingo nyembamba na tumbo pana vilitungwa kwa ajili ya kichwa na maji.

Cardew aliwaheshimu wafinyanzi hawa kuliko wakoloni wengi wa enzi yake. Hata hivyo shauku ya kitabu chake yote iko kwenye joto la juu. Moto wa nje unasomeka kama ngazi ya chini, wakati wanawake wa Ikombe kule Ziwa Nyasa wanajua ni lini upepo utapasua vyungu vyao, na hawana kipimajoto. Huo nao ni usomaji wa moto kama wa Nichols. Tofauti ni kwamba haujaandikiwa kitabu na mwenye mikono yake.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alipita Abuja miaka ya 1970 akajifunza pale pale, na jibu lake lilikuwa kukataa kioo. Anasugua udongo mpaka unang'aa wenyewe, anauchoma kwa joto la chini, mwingine anaurudisha motoni kwenye moshi mpaka uwe mweusi. Na vyombo vyake pia havibebi maji, bei yake hairuhusu. Lakini ngozi yake inapumua, na nadhani alijua anachokilinda.

Kama una nafasi ya kitabu kimoja tu, acha miongozo, tafuta tawasifu ya Cardew, A Pioneer Potter, iliyochapishwa 1988, miaka mitano baada ya kifo chake. Anza na Vume. Pale tanuri linamgomea na fedha zinaisha, na ndipo anapoandika vizuri kuliko kote. Ladi Kwali utampata kwingine: yuko nyuma ya noti ya naira 20, na chungu chake.