Kitabu cha C na yule mwenzako wa kando

Siku hizi wengi wetu tunaandika kwenye CV neno moja zuri sana: otodidakti. Nimejifunza mwenyewe Kiingereza, nimejifunza mwenyewe kompyuta. Mimi ni mtu wa agronomia, lisansi ninayo, kazi bado natafuta, na nimeanza kujifunza lugha ya C juu vifaa vidogo vya kupima unyevu wa udongo vinaandikiwa programu kwa C ao kwa lugha zilizozaliwa nayo. Kitabu nilichoshika ni kile kila mtu anakutajia: The C Programming Language, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie. Leo ninakipima kwa macho ya mtu anayeanza, si kwa macho ya fundi.

Kwanza tukipe heshima yake. Ritchie ndiye aliyeitengeneza C kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu kilitoka 1978, na toleo la pili, lile tunalosoma leo, 1988. Iko na sura 8 na kurasa chini ya 300. Wewe uliyezoea silabusi nzito zenye kurasa 40 za historia mbele ya somo lenyewe, utashangaa: hapa kurasa za kwanza za somo tayari zinaandika programu. Hakuna mazungumuzo mingi. Na nani hasomi Kiingereza vizuri, tafsiri ya Kifaransa ipo.

Mifano yake ni midogo lakini ina meno. Katika sura ya kwanza kuna jedwali la kugeuza joto kutoka Fahrenheit kwenda Celsius. Waandishi wanazidisha kwanza kwa 5, kisha ndipo wanagawa kwa 9, na wanaeleza sababu: katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, mabaki yanatupwa, kwa hiyo 5 gawa kwa 9 ni 0. Mtu anaweza kupita hapo mbio. Lakini weka mfano huo shambani. Una viwanja viwili vya viazi, kila kimoja mita za mraba 10, mavuno jumla kilo 15. Unaomba wastani kwa namba kamili: kompyuta inajibu 7, si 7.5. Nusu kilo, utasema si kitu. Peleka sasa kwenye hekta: umepoteza kilo 500. Ripoti nzima imeharibika, na mashini haikulia hata kidogo. Kitabu kinachokuonyesha mtego wa namna hiyo mapema hivyo ni kitabu cha kweli.

Sasa tuseme kasoro. Kitabu hakijafanywa upya tangu 1988, lakini lugha na kompaileri zimetembea. Katika sura hiyo hiyo ya kwanza, waandishi wanatengeneza funksheni yao ya kusoma mstari mmoja na kuiita getline. Leo, kwenye Linux, jina hilo tayari liko ndani ya maktaba ya mashini. Unanakili neno kwa neno, bila kuacha hata nukta moja, na kompaileri inakataa: majina yanagongana. Hata main ya kitabu, ile isiyoandikwa int mbele yake, kompaileri za sasa zinaikemea ao kuikataa kabisa. Tena kuna programu zinazosoma herufi moja moja mpaka mwisho wa maandishi. Unaandika, unabonyeza Enter, programu bado inakungoja. Huo mwisho unautoa wapi kwenye klavye? Kwenye Linux ni Ctrl na D. Ni sekunde mbili kwa anayejua. Kwa asiyejua ni usiku mzima, kama umeme haujakatika mbele.

Hapo njo wengi wanafunga kitabu na kusema: «C si ya watu kama sisi.» Na si kweli. Hakuna akili iliyopungua hapo. Imepungua sentensi moja tu ya mtu aliyepita njia hiyo.

Na kumbe waandishi wenyewe walishasema. Katika dibaji ya toleo la kwanza wanaeleza kwamba kitabu hiki si cha kufundisha programu kutoka sufuri. Anayeanza anaweza kukifuata, ila kuwa na mwenzake anayejua zaidi kutamsaidia. Wengi tunaruka dibaji. Mtu wa Bell Labs alimpata mwenzake huyo mlango wa pili. Sisi tumepata kitabu, mwenzi hatukupata.

Watu wa agronomia tunajua jambo hili. Fishi ya ufundi inasema maharagwe yapandwe sentimita 40 kati ya mistari na 20 ndani ya mstari. Ni kweli kabisa. Lakini mkulima anapokuta shamba lake liko kwenye mteremko wenye mawe, fishi inanyamaza. Anayesema ni moniteri aliyesimama naye shambani.

Lakini si kila msaada ni msaada. Yule anayekutumia kodi nzima ikiwa tayari amekuibia somo. Utatoa TP, utapata pointi, na kesho hujui kitu. Mimi ninasaidiwa na yaya mmoja aliyemaliza informatiki. Hagusi klavye yangu. Tulipofika sura ya 5, ya pointa, ambayo kitabu kinaifunga sana, aliniuliza tu: «Nikichukua fotokopi ya daftari yako nikaandika juu yake, daftari yako itabadilika?» Nikasema hapana. «Basi C inapeleka fotokopi kwa funksheni. Ukitaka daftari yenyewe ibadilike, sema iko nyumba gani.» Kisha akaniacha na mazoezi. Mazoezi ya kitabu hayana majibu, na hiyo naihesabu kama sifa: sehemu hiyo lazima mtu aitolee jasho mwenyewe.

Hukumu yangu basi. Kwa mtu aliye peke yake kabisa, mwezi wa kwanza, kitabu hiki sikishauri kama mlango wa kuingilia. Aanze na kozi mpya inayoshika mkono. Kwa mtu mwenye mwenzake, hata saa moja kwa juma, sioni kingine kifupi kinachofundisha kufikiri hivi.

Kwa hiyo, nyinyi wa informatiki, hiyo saa moja kwa juma tunawaomba. Nyinyi mnaoanza, kaeni wawili ao watatu kwenye mashini moja, someni dibaji, badilisheni jina la getline, endeleeni. Na kwenye CV, badala ya otodidakti, mimi nimeandika programu nilizomaliza na jina la yaya kama mtu wa kuulizwa. Anayetaka kuajiri atajua zaidi kwa kumpigia simu.