Kisa Kinachopunguza: Umama katika Simulizi za Ufiadini wa Perpetua na Felisita

Uhakiki wa simulizi za watakatifu wafiadini umezoea kuanza na swali la ukweli: kipi kilitokea na kipi kilitungwa. Hippolyte Delehaye, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu visa vya watakatifu, alilipa swali hilo msingi wa kitaalamu kwa kutenganisha kumbukumbu za kihistoria na visa vilivyokuzwa na mapokeo. Mgawanyo huo una manufaa, lakini hauelezi kisa cha baadaye kinaifanyia nini matini kilikotoka. Pengo hilo hujitokeza katika habari za Perpetua na Felisita, waliouawa Karthago, Afrika ya Kaskazini iliyotawaliwa na Roma, tarehe 7 Machi 203. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kisa cha baadaye hakikuongeza miujiza, kilipunguza umama.

Matini ya awali, inayojulikana kama Mateso, ina sauti tatu. Mhariri asiyetajwa jina huifungua na kuifunga. Ndani yake yamo maelezo ya Perpetua kwa nafsi ya kwanza, yakifuatwa na njozi ya mwenzake Saturus. Perpetua ana umri wa miaka 22 hivi, ametoka ukoo wenye hadhi, na ananyonyesha. Gerezani, kinachomsumbua kuliko giza na joto ni hali ya mtoto wake. Anaporuhusiwa kukaa naye, gereza hugeuka kuwa kama jumba la kifalme. Baba yake humbembeleza akimbusu mikono. Mzee huyo anapopigwa fimbo kwa amri ya Hilarianus, aliyekaimu uliwali, Perpetua huona uchungu kana kwamba kapigwa yeye. Baada ya hukumu, baba hukataa kumrudisha mtoto, na Perpetua huandika kwamba mtoto hakulitaka tena ziwa, wala maziwa hayakumletea maumivu.

Katika maelezo hayo imani haifuti uzazi. Hata njozi ya kwanza inathibitisha hilo: Perpetua anapanda ngazi iliyozungukwa na silaha, anakanyaga kichwa cha joka, kisha mchungaji mwenye mvi anayekama kondoo anampa kipande cha jibini. Mwanamke anayetoa maziwa duniani anayapokea mbinguni. Taswira ya maziwa, kwa hiyo, ndiyo inayounganisha gereza na pepo.

Matoleo mafupi ya baadaye, yaitwayo Matendo, yanavunja kiungo hicho. Yanakihamishia kisa katika enzi ya Valerianus na Gallienus, takriban miaka 50 baadaye, na kuyapa mahojiano ya mahakamani uzito mkubwa. Mume wa Perpetua, ambaye katika Mateso hasikiki kabisa, anajitokeza pamoja na jamaa kumsihi. Mtoto anapowekwa shingoni mwake, Perpetua anamsukuma kando na kuwafukuza wazazi. Felisita naye anaulizwa habari za mumewe na kujibu kwa dharau. Uchungu uliobaki bila suluhu katika matini ya awali umepewa jibu moja: anayempenda Mungu huwachukia walio wake. Wahusika wamekuwa imara zaidi, lakini kafara yao imepungua thamani, kwa kuwa anayetupa asichokipenda hatoi kitu.

Yaweza kupingwa kwamba hata Mateso si sauti tupu ya Perpetua. Pingamizi hilo lina uzito. Maelezo yake yanakoma siku moja kabla ya michezo ya uwanjani, na anamwachia mwingine aandike yatakayofuata. Ni mhariri anayesimulia jinsi alivyorushwa na ng'ombe mwitu, akajisitiri kwa vazi na kutengeneza nywele zake, kisha akauongoza hadi kooni mkono uliotetemeka wa muuaji wake. Kumpamba mfiadini kumekwisha kuanza. Hata hivyo, mhariri huyo huyo anaeleza kwamba watazamaji walishtuka walipomwona Felisita, aliyejifungua binti gerezani muda mfupi kabla, akidondokwa na maziwa. Anapamba, lakini hafuti.

Augustino wa Hippo anaonyesha hatua nyingine ya mapokeo hayo. Katika hotuba za sikukuu yao alicheza na majina yao, ambayo kwa Kilatini yakiunganishwa yana maana ya heri ya milele. Lakini mpinzani alipoitumia njozi ya Perpetua kuhusu Dinocrates, mdogo wake aliyefariki akiwa na miaka 7, kama ushahidi wa kiteolojia, Augustino alijibu kwamba maandishi hayo si ya kanuni, na akaacha wazi suala la nani aliyeyaandika. Jina la mfiadini lilisifiwa. Kalamu yake ilitiliwa shaka.

Kwa mintarafu hiyo, kupima visa vya wafiadini kwa mizani ya ukweli na uzushi pekee hakutoshi. Matendo yana thamani ndogo kama ushahidi wa mwaka 203, ila yana thamani kubwa kama usomaji wa Mateso: yanaonyesha ni kipi wasomaji wa baadaye walishindwa kukivumilia. Hawakushindwa na joka wala ngazi. Walishindwa na mama aliyekwenda kufa huku akimpenda mwanawe.