Kola Iliyofundishwa Kulala

Fundi simu wa Nyakato, hapa Mwanza, akiletewa simu inayokula chaji, hakimbilii kubadilisha betri. Anaiunga bodi kwenye pawa saplai simu ikiwa imezimwa, halafu anatazama mshale wa ampea. Ukicheza wakati hakuna kinachotakiwa kufanya kazi, basi kuna kitu ndani kinavujisha. Profesa Margaret Martonosi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, amejenga sehemu kubwa ya taaluma yake juu ya swali hilohilo: umeme unaliwa na nani, tena saa ngapi?

Alianza kufundisha uhandisi wa umeme Princeton mwaka 1994. Mwaka 2000, pamoja na David Brooks na Vivek Tiwari, alitoa Wattch, programu ya kukadiria umeme utakaoliwa na prosesa ambayo bado iko kwenye michoro tu. Ni kazi ya maana, ila ni ya mezani. Iliyotukaribia sisi ilifanyika Laikipia, Kenya, nayo ilivishwa shingoni mwa pundamilia.

Daniel Rubenstein, mwanabiolojia wa chuo hichohicho, alikuwa akiwafuatilia pundamilia kwa miaka mingi. Kola za redio za wakati huo zilimtaka mtu azifuate kwa gari huku ameshika antena, na giza likiingia, habari ndiyo imekatika. Mtandao wa simu wa kutegemea porini haukuwapo. Basi wahandisi na wanabiolojia wakaungana katika mradi wa ZebraNet. Ubunifu wake ulichapishwa mwaka 2002, na Januari 2004 kola za kwanza zikavishwa wanyama katika hifadhi ya Sweetwaters karibu na Nanyuki, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ol Pejeta.

Ndani ya kola kulikuwa na prosesa ndogo ya aina ya MSP430, kumbukumbu ya takriban nusu megabaiti, kipokezi cha GPS, redio ya masafa ya kilomita kadhaa, betri ya lithiamu na vipaneli vya jua vilivyozungushwa kwenye ukanda. Orodha hiyo haina muujiza. Utamu uko kwenye ratiba.

Tazama hesabu. Prosesa ikiwa kwenye saa yake ya polepole, mfumo mzima ulikula takriban miliwati 10. Ikiamka na kwenda kasi, karibu 20. Ukiwasha GPS, zaidi ya 550. Redio ikituma, karibu 800. Ikisikiliza tu bila kusema neno, zaidi ya 300. Sasa chukua betri ya simu ya mAh 2,000, ambayo ni kama watisaa 7.4. GPS ikiachwa wazi, betri hiyo inaisha kwa saa 13. Kola ikilala muda wote, inafika mwezi mmoja. Betri ni ileile na kola ni ileile.

Kwa hiyo kola ilifundishwa kulala. Kila dakika nane iliamka, ikachukua mahali ilipo, ikaandika, ikalala tena. Redio iliwashwa kwa vipindi, kila baada ya saa mbili. Hapo palikuwa na mtego: kola mbili haziwezi kuzungumza kama moja imelala wakati nyingine inaita, na saa za bei ndogo hupishana siku zinavyokwenda. Dawa ilikuwa imo tayari ndani ya kola. Setilaiti za GPS hutoa saa sahihi pamoja na mahali, hivyo kola zote zilirekebisha saa zao kwa chanzo kimoja na kuamka pamoja. Kwangu mimi hili ndilo jambo bora katika mradi wote, ingawa wasimuliaji wengi hulipita haraka.

Wanalolipenda zaidi ni jinsi data ilivyosafiri. Pundamilia wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana kumbukumbu. Mtafiti akipita na gari lenye kipokezi, angekutana na mnyama mmoja akapata pia habari za wengine ambao hakuwaona. Kumpa data kila unayekutana naye kulifikisha mzigo vizuri, lakini kulikula umeme mwingi, kwa hiyo wakabuni pia njia ya kuipa data kola ambayo mara nyingi imefanikiwa kukutana na gari. Tabia ya wanyama iliwabeba: pundamilia wa tambarare huishi kwa vikundi vya dume mmoja na majike wake, hivyo kola moja husimulia kikundi kizima, na vikundi hukutana kwenye maji.

Sehemu hiyo ya kupeana data haikuzaa sana. Kola nyingi za leo hutuma kwa setilaiti au kwa mtandao wa simu, na wanyama hawabebeshani habari. Ratiba ya usingizi ndiyo iliyobaki, na tuzo ya Eckert-Mauchly aliyopewa Martonosi mwaka 2021 ilitaja hasa kazi yake ya kompyuta zinazobana umeme.

Wanafunzi wa umeme wa hapa Mwanza wakitaka pa kuijaribia ratiba hiyo, hawana haja ya kushika barabara ya Musoma hadi Serengeti. Mitumbwi ya dagaa hutoka Igombe na Kayenze jioni, hutawanyika usiku, na asubuhi hurudi mwaloni, mahali pa kipokezi kimoja. Kifaa kama ile kola kifungwe kwenye kila mtumbwi: paneli ichaji mchana mtumbwi ukiwa nchi kavu, betri ibebe saa 12 za usiku. Kuchukua mahali kila dakika nane ni mara 90. Tukikadiria nusu dakika kila mara, GPS inakula watisaa 0.43, na usingizi 0.12. Hata sehemu ya kumi ya ile betri ya simu haifiki. Lakini redio ikiachwa isikilize usiku kucha, inameza karibu watisaa 3.7, yaani nusu ya betri, kabla haijatuma chochote. Ubunifu uanzie hapo: mitumbwi iamke saa ngapi kuitana, na antena ikae juu kiasi gani, maana ikilala karibu na maji masafa yake hupungua vibaya.