Sauti katika Bamba la Shaba: Uhakiki wa Picha Mbili za Wahubiri za Rembrandt

Uhakiki huu unachunguza picha mbili za wahubiri ambazo Rembrandt alizichora kwa sindano na asidi kwenye bamba la shaba, kisha zikachapwa karatasini, mjini Amsterdam: ya Cornelis Claesz Anslo (1641) na ya Jan Cornelis Sylvius (1646). Swali linaloongoza ni hili: je, picha iliyo bubu yaweza kubeba kazi ya mtu ambaye kazi yake ni kunena?

Mshairi Joost van den Vondel aliliibua swali hilo zama zile zile. Katika shairi fupi alimtaka Rembrandt achore sauti ya Anslo, kwa kuwa kinachoonekana ni sehemu ndogo tu ya mhubiri huyo. Katika picha ya 1641 Anslo, mhubiri wa Wamennonite, ameketi mezani akielekeza kwenye kitabu kilichofunuliwa. Ukutani kuna msumari mtupu. Mchoro umeshushwa na kugeuziwa ukuta. Kwa ishara hiyo msanii anakiri kuwa neno ni kuu kuliko picha. Hata hivyo, ungamo hilo halijajibu swali: kitabu kinaonyeshwa, lakini mahubiri hayasikiki.

Picha ya Sylvius inapiga hatua zaidi. Mchungaji huyu wa Kanisa la Kireformati, mume wa binamu yake Saskia, mke wa Rembrandt, alifariki mwaka 1638, yaani miaka 8 kabla ya picha kukamilika. Katika picha nyingi za viongozi wa dini za enzi ya Baroko, fremu ya duaradufu humtenga mheshimiwa na mtazamaji. Hapa Sylvius anainama mbele, mkono wake unavuka fremu, na kivuli chake kinaiangukia. Kisicho na mwili hakina kivuli. Kwa hiyo marehemu amerudishiwa mwili, na pamoja nao ishara ya mtu anayehubiri.

Dosari ipo. Beti za Kilatini zilizoandikwa chini, zikiwemo za Caspar Barlaeus, zinamsifu kwa maneno mengi ilhali mkono umekwisha kusema.

Uhakiki unahitimisha kuwa sauti yenyewe haichoreki. Rembrandt alifaulu kuchora uelekeo wake: unatoka kwa mhubiri, unavuka fremu, unatufikia sisi tunaotazama.