Wimbo wa Taifa katika Vinywa vya Vijana: Mapokezi ya « Debout Congolais » mjini Lubumbashi

0. Utangulizi

Wahakiki wa nyimbo hupenda kushughulikia mtungaji na maneno yake, wakamwacha msikilizaji mlangoni. Lakini wimbo wa taifa haukamiliki pasipo msikilizaji, kwa sababu kazi yake ni kumfanya mtu aliye peke yake ajione kuwa mmoja wa watu wengi. Makala haya yanachunguza jinsi « Debout Congolais » unavyopokelewa unapoimbwa na kwaya za vijana mjini Lubumbashi: shuleni, parokiani na katika sherehe za tarehe 30 Juni. Swali lake ni moja: je, wimbo huu unamfikia yule unayemsemesha?

1. Vizazi vitatu mbele ya kwaya moja

Maneno ya wimbo huu ni ya Mjesuiti Simon-Pierre Boka, nao ukawa wimbo wa taifa mwaka 1960. Mwaka 1971, nchi ilipopewa jina la Zaire, nafasi yake ilichukuliwa na « La Zaïroise », ambao maneno yake pia ni ya Boka. Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka, wimbo wa kwanza ulirudishwa. Kati ya kuondolewa na kurudishwa kwake ilipita miaka 26.

Kwa hiyo, kwaya inapoanza kuimba, wanaosimama mbele yake si umati wa namna moja. Wazee waliosoma kabla ya 1971 huuchukua wimbo kwa moyo, kama mtu anayekutana na rafiki wa utoto. Watoto waliosoma baada ya 1997 hawajui mwingine. Katikati yao wako wazazi waliokulia chini ya « La Zaïroise »: wengi wao walijifunza wimbo huu ukubwani, tena kwa kusikia tu. Wanapotikisa midomo pasipo kutoa sauti, si haki kusema kwamba hawaipendi nchi. Shule yao iliwapa wimbo mwingine.

Kizazi hicho kina mzigo wa pili. Chini ya Chama cha MPR, kuimba na kucheza kwa pamoja kulitumika kumsifu kiongozi. Aliyelazimishwa kuimba hivyo akiwa kijana aweza kuisikia kwaya yoyote ya uzalendo kwa tahadhari. Na huko Katanga wazee wana kumbukumbu nyingine tena: « La Katangaise » ya Joseph Kiwele, wimbo wa Katanga iliyojitenga kuanzia 1960 hadi 1963. Mtoto aliyeanza shule Elisabethville mwaka 1960 aliweza kufika utu uzima akiwa amesimama wima kwa ajili ya nyimbo tatu. Ukimya wa mzee kama huyo una mengi ndani yake, wala haufai kusomwa kwa haraka.

2. Lugha na pumzi

Nyimbo nyingi za taifa humwomba Mungu. Ndivyo ulivyo wimbo wa Tanzania, unaofuata sauti ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897. « Debout Congolais » hauanzi kwa sala: unawaamrisha Wakongo wasimame. Hapa pana jambo la ajabu. Msikilizaji asiyejua Kifaransa anatii amri asiyoielewa. Anasimama kwa kuwa jirani yake amesimama, na kwa kuwa protokali inataka hivyo. Mwili umejibu, lakini neno halijafika.

Vijana nao wanaimba kwa vinywa vilivyozoea Kiswahili. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia kwa vokali. Kifaransa hukubali konsonanti mbili au tatu kukutana. Ila katika uimbaji, ile e ya mwisho isiyosikika katika mazungumzo ya Kifaransa mara nyingi hutamkwa, na mwanakwaya wa Lubumbashi hupata hapo pa kupumzikia. Mahali konsonanti zinaposongamana, yeye huchomeka vokali ya kwake. Mwalimu mkali huhesabu hayo kuwa makosa. Msikilizaji wa mtaani, kinyume chake, husikia hapo sauti ya mtoto wake, akatabasamu. Pengine ndipo mahali pekee ambapo wimbo unakuwa wa nyumbani.

Wako wanaosema: basi utafsiriwe. Jambo si rahisi. Neno la kwanza la Kifaransa lina silabi mbili. « Simameni » lina nne, na mkazo wake uko katika silabi ya tatu. Ingebidi ama kuivunja sauti, ama kutafuta neno lingine lenye nguvu ndogo. Zaidi ya hayo, Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Tafsiri ya Kiswahili peke yake ingewafurahisha Lubumbashi na kuwauliza swali watu wa Mbandaka.

3. Gwaride au sala?

Wimbo huu una mwendo wa gwaride. Lakini kwaya nyingi za vijana zimelelewa kanisani, nazo huugawa kwa sauti nne, kisha huupunguza mwendo. Uzuri wa sauti huongezeka. Nafasi ya msikilizaji hupungua. Asiyejua sauti yake katika hizo nne hunyamaza na kuinamisha kichwa kama mbele ya altare. Mwishoni mama mmoja hupiga vigelegele, kisha umati hupiga makofi. Makofi hayo ni sifa kwa vijana, lakini ni dalili pia: mwenye kupiga makofi amejihesabu kuwa mtazamaji. Mtu hajipigii makofi kwa kiapo alichokiapa mwenyewe.

4. Hitimisho

Udhaifu wa mapokezi hautokani na uvivu wa wasikilizaji wala na upungufu wa vijana. Unatokana na historia iliyokatwa mara mbili, na lugha ambayo wengi wanaiheshimu bila kuimiliki. Afrika ya Kusini, mwaka uleule wa 1997, ilichagua wimbo mmoja wenye lugha tano. Kongo iliurudisha wimbo wa lugha moja. Hata hivyo kiongozi wa kwaya anaweza mengi bila kungojea sheria. Aeleze maana ya kila ubeti kwa Kiswahili kabla ya kuimba. Aache ubeti wa kwanza uimbwe kwa sauti moja, ili wazazi waingie. Sauti nne zifuate baadaye. Siku ambayo umati utamaliza wimbo na kusahau kupiga makofi, itajulikana kwamba amri ya kusimama imefika masikioni mwa wenyewe.